Mada ya 6: Mvutano kati ya Mtu na Dunia

MALENGO

Ukimaliza kurudia mada hii uweze:
(i) kueleza kanuni ya mvutano ya Newton na kuitumia katika hesabu;
(ii) kutofautisha masi na uzito;
(iii) kutaja jozi sahihi ya kani mbili zinazohusika mtu anapovutwa na Dunia;
(iv) kueleza kwa nini mtu huanguka kuelekea Dunia, ilhali Dunia haionekani kusogea kumfuata.

SWALI LA KUANZIA

Embe la gramu 300 limekatika tawini na linaanguka. Dunia inalivuta embe hilo kwa kani ya takribani nyutoni 3 (3 N). Je, embe linaivuta Dunia kwa kani kiasi gani?

A. Haliivuti kabisa
B. Kwa kani ndogo sana kuliko 3 N
C. Kwa kani ya 3 N
D. Kwa kani kubwa kuliko 3 N

Andika jibu lako pembeni kwa penseli kabla ya kuendelea. Wengi huchagua B, kwa sababu wanafikiri kwamba kikubwa ndicho huvuta na kidogo huvutwa tu. Mada nzima imejengwa juu ya swali hili, nasi tutalirudia mwishoni.

6.1 KANUNI YA MVUTANO

Mwaka 1687 Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha kanuni inayosema kwamba kila kitu chenye masi huvutana na kila kitu kingine chenye masi. Haijalishi kama vitu hivyo vinagusana au la, wala kama kati yake kuna hewa au hakuna. Kani hiyo huitwa kani ya mvutano, au graviti.

Kwa fomula:

F = G m₁ m₂ / r²

F ni kani ya mvutano, kwa nyutoni (N).
m₁ na m₂ ni masi za vitu viwili, kwa kilogramu (kg).
r ni umbali kati ya vitovu vya vitu hivyo, kwa mita (m).
G ni namba isiyobadilika, 6.67 × 10⁻¹¹ Nm²/kg².

Mambo matatu ya kushika katika fomula hii:

Kwanza, masi ikiongezeka, kani huongezeka. Ukizidisha masi moja mara mbili, kani huwa mara mbili.

Pili, umbali ukiongezeka, kani hupungua haraka. Umbali ukiwa mara mbili, kani huwa robo ya ile ya awali, kwa sababu umbali umewekwa katika kipeo cha pili.

Tatu, badilisha nafasi za m₁ na m₂ uone. Jibu ni lilelile. Hakuna sehemu ya fomula inayosema kwamba mkubwa ndiye anayevuta. Kani ni moja kwa pande zote mbili.

ANGALIA: Mtu akiwa amesimama ardhini, r si sifuri. Umbali hupimwa kutoka kitovu cha Dunia, siyo kutoka uso wake. Kwa hiyo mtu aliye juu ya ardhi yuko umbali wa nusu kipenyo cha Dunia, yaani takribani mita 6.37 × 10⁶ (kilomita 6,370).

Mfano 1

Asha ana masi ya kg 50. Masi ya Dunia ni kg 5.97 × 10²⁴. Tafuta kani ambayo Dunia humvuta nayo.

Suluhisho
F = G M m / r²
= (6.67 × 10⁻¹¹ × 5.97 × 10²⁴ × 50) ÷ (6.37 × 10⁶)²
= (1.99 × 10¹⁶) ÷ (4.06 × 10¹³)
= 490 N (takribani)

Sasa angalia njia fupi. Sehemu ya GM/r² haimhusu Asha. Inahusu Dunia peke yake. Ukiikokotoa utapata takribani 9.8 N/kg. Namba hii huandikwa kwa herufi g. Ndiyo maana tunaandika:

Uzito = masi × g
= 50 × 9.8
= 490 N

Njia zote mbili ni jambo moja. Katika mtihani tumia W = mg pale unapopewa g, na tumia fomula ndefu pale umbali kutoka kitovu unapobadilika sana.

6.2 MASI NA UZITO

Mtaani tunasema, "Uzito wangu ni kilo 50." Katika fizikia usemi huo utakupotezea alama. Kilo 50 ni masi.

Masi (vitabu vingine huiita tungamo) ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Hupimwa kwa kilogramu. Haibadiliki kwa kuhama mahali.

Uzito ni kani ambayo Dunia, au sayari nyingine, hukivuta nayo kitu. Hupimwa kwa nyutoni. Una mwelekeo, ambao daima ni kuelekea kitovu cha sayari. Hubadilika kulingana na mahali.

Njia nzuri ya kukumbuka tofauti hii ni kufikiria mizani mbili za sokoni. Muuza mchele mwenye mizani ya sahani mbili huweka jiwe la kilo moja upande mmoja na mchele upande wa pili. Jiwe na mchele vinavutwa na Dunia ileile, kwa hiyo anacholinganisha hasa ni masi. Mwenzake mwenye mizani ya springi hutundika mfuko, springi inavutika, na mshale unasogea. Anachopima yeye ni uzito, hata kama uso wa mizani umeandikwa kilo.

Wapeleke wote wawili Mwezini, ambako g ni takribani 1.6 N/kg. Mizani ya sahani mbili itatoa jibu lilelile, kwa kuwa jiwe na mchele vimepungukiwa kwa kiwango kimoja. Mizani ya springi itasoma karibu moja ya sita tu. Mchele haujapungua hata punje. Kilichopungua ni mvutano.

6.3 NANI ANAMVUTA NANI?

Hapa ndipo penye mtego mkubwa wa mada hii.

Kanuni ya tatu ya Newton inasema: kitu A kikitia kani kwa kitu B, basi kitu B hutia kani kwa kitu A, yenye ukubwa uleule na mwelekeo wa kinyume. Dunia inamvuta Asha kuelekea chini kwa 490 N. Basi Asha naye anaivuta Dunia kuelekea juu kwa 490 N. Si kwa kani ndogo, wala si kwa sehemu yake. Ni nyutoni 490 kamili.

Sasa chukua swali linalopenda kutokea: "Asha amesimama sakafuni. Taja kani inayofanya jozi na uzito wake kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton." Wanafunzi wengi huandika, "Kani ya sakafu inayomsukuma juu." Hilo si sahihi, ingawa namba zinalingana.

Tumia kipimo hiki: igeuze sentensi. Mtenda awe mtendwa, na mtendwa awe mtenda, bila kubadilisha kitenzi.

"Dunia inamvuta Asha" hugeuka kuwa "Asha anaivuta Dunia." Hiyo ni jozi ya kwanza.
"Sakafu inamsukuma Asha" hugeuka kuwa "Asha anaisukuma sakafu." Hiyo ni jozi ya pili.

Uzito na msukumo wa sakafu vyote viwili vinafanya kazi juu ya Asha mmoja. Kani mbili za jozi moja haziwezi kufanya kazi juu ya kitu kimoja. Namba zake zinalingana kwa sababu Asha ametulia, kwa hiyo jumla ya kani juu yake ni sifuri. Hiyo ni kanuni ya kwanza.

Ukitaka uthibitisho, mwambie Asha aruke. Miguu ikiachana na sakafu, msukumo wa sakafu unatoweka mara moja. Uzito wake je? Upo palepale, ndiyo maana anarudi chini. Kama kani hizo mbili zingekuwa jozi, moja isingeweza kubaki baada ya nyingine kutoweka.

6.4 MBONA DUNIA HAISOGEI?

Kama kani ni sawa, kwa nini Asha ndiye anayeanguka? Jibu ni kwamba kani sawa hazileti mwendo sawa. Kanuni ya pili ya Newton inasema:

mchapuko = kani ÷ masi (a = F/m)

Mchapuko wa Asha = 490 ÷ 50 = 9.8 m/s²
Mchapuko wa Dunia = 490 ÷ (5.97 × 10²⁴) = 8.2 × 10⁻²³ m/s²

Kani ni ileile, ila masi ya Dunia ni kubwa kiasi kwamba mchapuko wake haupimiki kwa chombo chochote.

Mfano 2

Asha anadondoka kutoka kwenye ukuta wenye kimo cha mita 1.2. Dunia inasogea umbali gani kumfuata?

Suluhisho
Kani ni sawa na muda ni uleule. Kwa hiyo masi × umbali wa upande mmoja ni sawa na masi × umbali wa upande wa pili.

50 × 1.2 = 5.97 × 10²⁴ × x
x = 60 ÷ (5.97 × 10²⁴)
x = 1.0 × 10⁻²³ m

Kiini cha atomu kina upana wa takribani mita 10⁻¹⁵. Umbali tuliopata ni mdogo kuliko huo mara milioni 100. Tena Asha alipopanda ukuta ule aliisukuma Dunia upande wa pili kwa kiasi hichohicho, hivyo mwisho wa yote kila kitu kimerudi mahali pake.

Kutokana na hesabu hizi utaona pia kwa nini vitu vizito na vyepesi huanguka kwa mchapuko mmoja. Mtu wa kg 100 huvutwa kwa kani mara mbili ya Asha, lakini pia ana masi mara mbili ya kusogezwa. Vyote viwili vinakatana, na jibu linabaki 9.8 m/s². Unyoya huchelewa kwa sababu ya hewa tu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya Mwezi, mahali pasipo na hewa, na vikafika chini kwa wakati mmoja.

6.5 JE, KUNA USHAHIDI KWAMBA DUNIA NAYO HUVUTWA?

Upo. Embe na Asha ni wadogo mno kuonyesha jambo hili, basi tutafute kitu chenye masi kubwa zaidi: Mwezi. Masi yake ni karibu sehemu moja kati ya 81 ya masi ya Dunia.

Tumezoea kusema kwamba Mwezi huizunguka Dunia. Ukweli kamili ni kwamba vyote viwili huzunguka nukta moja ya pamoja, iliyo takribani kilomita 4,700 kutoka kitovu cha Dunia. Nukta hiyo ipo ndani ya Dunia yenyewe, ila si katikati. Kwa hiyo kila mwezi Dunia huyumba kidogo ikivutwa na Mwezi, kama mtu mzima anayezungushana na mtoto huku wameshikana mikono: mtoto anakwenda mduara mkubwa, mtu mzima anakwenda mduara mdogo, lakini hakuna aliyesimama kabisa.

Ukiishi pwani, ushahidi mwingine unauona kila siku. Mwezi huvuta upande wa Dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko upande ulio mbali. Tofauti hiyo huifanya bahari iinuke pande zote mbili, na ndiyo sababu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, Jua nalo huvuta katika mstari uleule, na ndipo wavuvi husema ni bamvua. Zanzibar, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hufikia takribani mita 4.

6.6 MBONA MTU NA MTU HAWAVUTANI?

Wanavutana. Kani yake ni ndogo tu.

Mfano 3

Asha (kg 50) ameketi umbali wa mita 1 kutoka kwa Juma (kg 60). Kadiria kani ya mvutano kati yao.

Suluhisho
F = (6.67 × 10⁻¹¹ × 50 × 60) ÷ 1²
F = 2.0 × 10⁻⁷ N

Hiyo ni sawa na uzito wa punje moja ndogo ya mchanga mwembamba. Msuguano kati yao na dawati ni mkubwa mno kuliko kani hiyo, hivyo hakuna anayesogea. Ukiilinganisha na 490 N, Dunia humvuta Asha mara zaidi ya bilioni mbili kuliko Juma anavyomvuta.

Pamoja na udogo huo, kani ya namna hii imewahi kupimwa. Mwaka 1797 na 1798 Henry Cavendish, akiwa London, alitundika ufito wenye tufe ndogo za risasi kwenye waya mwembamba, kisha akasogeza karibu yake tufe kubwa za risasi, kila moja ikiwa na masi ya takribani kg 158. Ufito ulijipinda kidogo sana. Kutokana na mpindo huo alikokotoa msongamano wa Dunia, akapata kwamba ni karibu mara 5.5 ya maji. Hadi leo namba hiyo haijabadilika sana. Ukijua msongamano na ukubwa wa Dunia, unajua masi yake. Kwa maneno mengine, kg 5.97 × 10²⁴ uliyoitumia katika Mfano 1 ilianza kupatikana kwa kuangalia tufe za risasi zikivutana chumbani.

6.7 UZITO HUBADILIKA KULINGANA NA MAHALI

Ikweta na ncha za Dunia. Dunia si duara kamili. Imevimba kidogo katikati. Mtu aliye kwenye ikweta yuko mbali zaidi na kitovu, takribani kilomita 21 zaidi ya aliye kwenye ncha. Tena Dunia inazunguka, jambo linalopunguza kidogo usomaji wa mizani. Kwa sababu hizo mbili, g kwenye ikweta ni 9.78 na kwenye ncha ni 9.83. Kwa Asha tofauti ni takribani nyutoni 2.5, sawa na uzito wa robo kilo ya sukari. Jambo hili liligunduliwa kwa saa: mwaka 1672 Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akakuta inachelewa takribani dakika mbili na nusu kila siku.

Mlimani. Kilele cha Kilimanjaro kipo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Huonekana ni juu sana, lakini ukilinganisha na kilomita 6,370 za kufika kitovu ni kidogo. Uzito wa Asha hupungua kwa takribani nyutoni 1 tu.

Mwezini. Uzito wa Asha ungekuwa 50 × 1.6 = 80 N. Masi yake ingebaki kg 50.

Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kituo hiki kipo takribani kilomita 400 juu. Wanafunzi wengi huandika kwamba huko hakuna mvutano. Kokotoa uone: g huko ni takribani 8.7 N/kg, karibu asilimia 89 ya ile ya ardhini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja wakati wote, huku wakienda mbele kwa kasi ya takribani kilomita 7.7 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kadiri wanavyoanguka ndivyo uso wa Dunia unavyojipinda chini yao. Bila mvutano wangekwenda moja kwa moja na kupotelea mbali.

MAKOSA YANAYOPOTEZA ALAMA

1. Kuandika uzito kwa kilogramu, au masi kwa nyutoni.
2. Kupima r kutoka uso wa Dunia. Ukipewa kimo h, tumia r = R + h.
3. Kusahau kuweka r katika kipeo cha pili.
4. Kusema msukumo wa sakafu ni jozi ya uzito.
5. Kusema wanaanga huelea kwa kuwa hakuna mvutano.
6. Kusema Dunia humvuta mtu zaidi kuliko mtu anavyoivuta Dunia.

MUHTASARI

Mvutano ni wa pande mbili, na kani zake ni sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo. Masi za vitu huamua kani hiyo ni kubwa kiasi gani. Kisha masi ya kila kimoja huamua kitasogea kiasi gani. Ukitenganisha maswali haya mawili, la kani na la mwendo, mada hii haitakusumbua.

Rudi sasa kwenye embe letu. Jibu sahihi ni C: embe linaivuta Dunia kwa 3 N. Kama uliandika B, usifute. Andika karibu yake kwa sentensi moja ni wapi ulichanganya kani na mwendo, kwa sababu sentensi hiyo ndiyo utakayoikumbuka ndani ya chumba cha mtihani.

MASWALI YA MARUDIO

1. Mwalimu ana masi ya kg 70. Tafuta uzito wake (a) Duniani, g = 9.8 N/kg; (b) Mwezini, g = 1.6 N/kg.
2. Mtu wa kg 50 yuko ndani ya chombo kilicho umbali wa 2R kutoka kitovu cha Dunia, R ikiwa nusu kipenyo cha Dunia. Tafuta kani ya mvutano juu yake.
3. Kitabu kimewekwa mezani. Taja jozi mbili za kani kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton.
4. Fikiria watu bilioni 8, kila mmoja akiwa na masi ya kg 50, wamekusanyika mahali pamoja na wote wakadondoka mita 1 kwa wakati mmoja. Dunia ingesogea umbali gani kuwafuata? Linganisha na upana wa atomu, takribani mita 10⁻¹⁰.

MAJIBU

1. (a) 686 N. (B) 112 N.
2. Umbali ni mara mbili, hivyo kani ni robo: 490 ÷ 4 = 122.5 N.
3. Dunia inakivuta kitabu, kitabu kinaivuta Dunia. Meza inakisukuma kitabu, kitabu kinaisukuma meza.
4. Jumla ya masi ni kg 4 × 10¹¹. Umbali ni (4 × 10¹¹ × 1) ÷ (5.97 × 10²⁴) = 6.7 × 10⁻¹⁴ m, yaani karibu sehemu moja kati ya 1,500 ya upana wa atomu moja.